Futi kamba, pakiti ya chumvi na daftari: namna ninavyoishi na presha

Kwenye kabati la duka langu hapa Ngamiani, Tanga, nina madaftari saba ya vipimo. La kwanza ni la mwaka 1996, nilipoacha kushonea barazani kwa shangazi yangu nikapanga chumba changu mwenyewe. Kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni. Akirudi baadaye sifuti vipimo vya zamani, naandika mstari mpya chini yake.

Yupo mama mmoja niliyemshonea gauni la harusi mwaka 1998. Kiuno chake kilikuwa inchi 27. Mwaka 2006 kikawa 31. Mwaka 2016 kikawa 38. Siku hiyo nilimfunulia ukurasa wake, akautazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Fundi, mbona mwenyewe sikuona?" Asingeweza kuona. Kila nguo aliyovaa ilishonwa kwa mwili wa mwaka ule, na nyingi zilikuwa madera, na dera halibani popote. Inchi 11 zilimwingia kwa miaka 18. Ni nusu inchi na kidogo kila mwaka, na hakuna mtu anayehisi nusu inchi.

Na mimi niliyekuwa napima watu kutwa nzima sikuwa nimejipima presha. Mwaka 2017 nilimpeleka mjukuu wangu kliniki kuchanjwa. Muuguzi aliyekuwa zamu, msichana wa rika la binti yangu, akaniambia, "Mama, hebu kaa na wewe nikupime presha." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi siumwi." Kipimo kikasoma 172 kwa 106. Akaniacha nitulie, akarudia, kikasoma 168 kwa 102. Akaniambia nirudi siku nyingine, kwa sababu mtu haambiwi ana presha kwa kipimo cha siku moja. Nikarudi, hali ni ile ile. Kichwa hakikuuma, kizunguzungu sikuwa nacho, na wiki ile nilikuwa nimemaliza sare 40 za shule.

Baba yangu alikufa kwa kiharusi. Nitalieleza hilo mwishoni. Kwanza nieleze ninachokifanya kila siku tangu mwaka ule, hatua kwa hatua, ili mwenye nyumba kama yangu na kazi kama yangu apate pa kuanzia.

Anza na futi kamba

Futi kamba inapatikana kwa bei ya vikombe vichache vya chai, na kila mtaa una fundi anayeweza kukuazima. Simama wima, miguu imeachana kidogo, tumbo wazi bila kitenge wala mkanda. Tafuta kwa vidole mfupa wa mwisho wa ubavu, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hiyo miwili ndipo pa kupitisha futi. Hapo si pale ninapopimia sketi, kwa hiyo usichukue namba ya fundi wako ukadhani inatosha. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma.

Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu hivi, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda, na ikipita 88 imepanda sana. Kwa mwanaume namba hizo ni 94 na 102. Ipo njia nyingine isiyohitaji kukariri: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati ibaki nusu, izungushe tumboni. Isipofika, umepata jibu. Mimi nina urefu wa sentimita 158, kwa hiyo nilitakiwa kuwa na kiuno kisichozidi 79. Mwaka 2017 nilikuwa na 99. Leo nina 89. Sijafika, na sitamdanganya mtu kwamba nimefika, lakini zile 10 zilizoondoka zilinichukua miaka na sikuwahi kushinda na njaa.

Kwa nini kiuno na si mizani peke yake? Mafuta yanayokaa tumboni yanazunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayovuruga sukari na presha kuliko yale ya mapaja na makalio. Nina wateja wenye nyonga pana na kiuno kidogo, na nina wateja wembamba mikono na miguu huku tumbo limetangulia mbele. Hawa wa pili ndio ninaowahimiza wakapime.

Jipime mara moja kwa mwezi, siku ile ile, uandike. Kila wiki ni mapema mno, utakata tamaa bure.

Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Kliniki waliniambia nipunguze chumvi. Nikarudi nyumbani nikasema, mbona mimi situmii chumvi nyingi? Kila mtu husema hivyo, na anasema kweli kadiri anavyojua, kwa kuwa hakuna anayepima chumvi. Inatiwa kwa vidole, inaonjwa, inaongezwa. Mimi ni fundi, kitu kisichopimwa kinanisumbua. Nikanunua pakiti mpya ya nusu kilo, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya kuwekea alama vitambaa, nikaendelea kupika kama siku zote.

Iliisha siku ya 9. Nyumbani tulikuwa watu 6. Gramu 500 ukigawa kwa siku 9, kisha kwa watu 6, inakuja gramu 9 na kitu kwa kila mmoja kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto wanatakiwa chini ya hapo. Tena hesabu yangu haikuhusisha chumvi ya mkate, ya vidonge vya kukoleza mchuzi, ya samaki wa ng'onda, ya achari, wala ya bagia tulizonunua nje. Nilikaa nikaitazama ile pakiti tupu, nikahuzunika. Kwa miaka yote hiyo mkono wangu ndio uliotia chumvi ile kwenye sahani za wanangu.

Fanya hesabu ya nyumba yako hivi. Zidisha idadi ya watu kwa 5, hizo ndizo gramu za juu kabisa kwa siku. Gawa 500 kwa jibu hilo. Sisi 6 tulitakiwa pakiti ifike angalau siku 16 hadi 17, na kwa kuwa chumvi nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma, nikajiwekea wiki 3. Ilinichukua karibu miezi 4 kufika hapo. Ukishusha ghafla watu wataacha kula kwako wakale kwa jirani. Mume wangu wiki ya kwanza alionja mchuzi akaniambia, "Mama, leo mchuzi huu chapwa." Nikamwambia ukweli, kwamba namba zangu za presha zimenitisha na sitaki kumzika wala yeye kunizika mapema. Akala. Baada ya wiki chache ulimi ulizoea, na sasa tukila kwenye shughuli yeye ndiye anayesema chakula kimezidi chumvi.

Jikoni nilibadilisha mambo machache. Chumvi naitia mwishoni, chakula kikiwa karibu kuepuliwa, kwa sababu ile iliyo juu ya chakula ulimi unaiona haraka kuliko iliyopikwa ikazama ndani. Naipima kwa kijiko, si kwa vidole. Kikopo cha chumvi hakiji tena mkekani wakati wa kula. Ng'onda na papa mkavu nawaloweka usiku, namwaga maji, nawaloweka tena asubuhi, namwaga tena, na wakishaingia kwenye nazi sitii chumvi nyingine. Vidonge vya kukolezea mchuzi niliviacha kabisa, maana sehemu kubwa ya kidonge kile ni chumvi tu. Mahali pake nina ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi na bizari. Maharage yaliyokamuliwa ndimu hayahitaji chumvi unayodhani. Watoto nao nikawazuia embe mbichi za kuchovya chumvi na pilipili pale nje ya shule, na hilo ndilo lililoniletea ugomvi mkubwa kuliko yote, lakini nimelishikilia.

Chumvi unayobakiza iwe yenye madini joto. Usikimbilie chumvi ya mawe isiyotiwa madini kwa kuambiwa ni ya asili, maana rovu lilitusumbua sana nchi hii kabla ya madini joto kutiwa.

Ndizi, machungwa, mchicha na maharage vina potasiamu, na hiyo husaidia figo kuitoa chumvi. Machungwa ya Muheza yanamwagwa hapa sokoni kwa bei nafuu kila msimu. Kula chungwa lenyewe na nyama zake, usilikamue ukanywa maji matupu yenye sukari. Lakini mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu kwake potasiamu nyingi inaweza kuwa hatari.

Sukari, mafuta na sinia

Mbinu ya tarehe inafanya kazi kwenye sukari pia. Nilikuwa nakunywa vikombe 4 vya chai dukani, kila kimoja vijiko 3. Vijiko 12 kabla sijaonja kitu kingine. Kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku nzima ni vijiko 6 hivi, na ukihesabu soda moja ndogo ya kola, peke yake ina zaidi ya gramu 30, yaani vijiko 7 na zaidi, kwa hiyo umevuka. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Sasa nakunywa chai ya rangi yenye mchaichai na iliki bila sukari, na mtu akinitilia sukari siimalizi.

Asubuhi tulikuwa watu wa maandazi na vitumbua. Siku hizi ni mihogo ya kuchemsha, magimbi au viazi vitamu, na maharage ya jana yakipashwa moto. Vitumbua vimebaki vya Ijumaa. Mafuta niliyokaangia samaki siyarudishi kwenye chupa kukaangia tena na tena, na yale mafuta ya kuganda nimeacha kuyanunua. Kasimile, lile tui zito la kwanza, napunguza, natumia tui la pili zaidi.

Kinachotupa shida sisi watu wa pwani ni sinia. Mkila watu 5 kwenye sinia moja la wali hakuna anayejua amekula kiasi gani, kila mmoja anachota kwa mwendo wa mwenzake. Sikutaka kuondoa sinia, maana kula pamoja nako ni afya. Nikabadilisha mpangilio: wali nusu ya ule wa zamani, na katikati bakuli kubwa la mchunga, tembele au kisamvu, na kachumbari. Kila mtu anaanza na mboga. Wanaokula sahani mbalimbali wagawe sahani kwa macho: nusu mboga na matunda, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama.

Kazi ya kukaa

Nilianza na cherehani ya miguu. Mwaka 2012 nikaifunga mota. Kazi ikaenda mbio, nikashukuru. Sikujua kwamba siku ile nilisimamisha miguu yangu. Kwenye ile ya zamani nilikanyaga pedeli kutwa. Kwenye mota naweka unyayo tu. Na kiuno changu kwenye daftari langu mwenyewe, nilipokuja kujipima gauni za Idi, kinaonyesha kilivyofuata.

Mota sikuitoa, nina oda za watu. Nilichofanya ni kupanga chumba vibaya kwa makusudi. Pasi nimeiweka ukuta wa pili. Nyuzi ziko kwenye rafu ya juu, si ubavuni mwangu. Mtungi wa maji uko mlangoni, na kikombe ni kidogo. Kwa hiyo kila dakika 20 hadi 30 lazima niinuke, nipende nisipende. Kukata nakata nikiwa nimesimama, meza nimeiinua kwa matofali mpaka kiunoni ili mgongo usiiname. Wewe uliye ofisini, au kwenye kibanda cha kutuma pesa, au kwenye usukani, utajua cha kwako cha kusogeza mbali. Dereva hawezi kusogeza kitu, basi ashuke kila kituo cha mwisho atembee kulizunguka gari mara tano.

Kuinuka hakutoshi peke yake. Mwili unahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho jembamba, yaani nusu saa kwa siku 5. Kipimo chake ni mdomo: uweze kuzungumza na mwenzio lakini usiweze kuimba. Mimi baada ya sala ya alfajiri natoka na jirani yangu tunashika njia ya kwenda Raskazone, upepo wa bahari unatupiga usoni, tunageuza kabla jua halijawa kali. Mji wetu ni tambarare na watu wake ni wa baiskeli tangu zamani, kwa hiyo mwenye baiskeli ameshapata dawa yake, asiiuze anunue pikipiki bila sababu. Huna jirani wa kutembea naye? Mtafute kwanza, kabla ya viatu. Siku ambazo nisingeinuka kitandani, niliinuka kwa sababu yeye alikuwa ananigongea dirisha.

Na mara mbili kwa wiki fanya kitu cha nguvu. Mimi naketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, mara 10, napumzika, narudia mara tatu. Mwanzoni niliweza mara 4.

Kupima presha nyumbani bila kujidanganya

Nilinunua mashine mwaka 2018, ya kufunga kwenye mkono wa juu. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono sizipendekezi, zinateleza kirahisi. Miezi ya kwanza mashine yangu ilinipa namba za ajabu, mara 158, mara 131, asubuhi ile ile. Nilikuwa nakosea.

Mkanda wa mashine una saizi, kama nguo. Chukua futi kamba upime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa mikono ya sentimita 22 hadi 32. Mkono wangu ulikuwa 35. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Nikaagiza mkanda mkubwa wa kampuni ile ile na namba zikatulia. Hata unapokwenda zahanati, ukiwa na mkono mnene, uliza kwa adabu kama wana mkanda mkubwa.

Sasa namna ya kupima. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke kwenye mbio. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha. Keti kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana. Mkono uwe wazi, usifunge juu ya baibui wala sweta, na uulaze juu ya meza usawa wa moyo. Nyamaza dakika 5. Usizungumze hata mashine inapovimba, usijibu simu. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, uandike zote mbili. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni.

Hospitali wanasema presha iko juu ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mstari ni 135 kwa 85. Ukiona ya juu 180 au zaidi, au ya chini 120 au zaidi, pumzika urudie. Ikibaki hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona giza au kuchanganyikiwa, usipoteze hata dakika.

Usijipime mara 10 kwa siku. Nilifanya hivyo wiki moja, wasiwasi ukanipandisha zaidi. Mimi sasa napima siku 7 mfululizo kabla ya tarehe ya kliniki, asubuhi na jioni, nampelekea daktari daftari. Ananiambia namba zile zinamsaidia kuliko ile moja anayonipima nikiwa nimetoka kupanda bodaboda.

Dawa na vidonge vya mgongo

Mwaka 2019 nilijisikia vizuri nikaacha dawa. Nilijiambia mchaichai na kutembea vinatosha. Baada ya miezi miwili ilikuwa 190. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa yenyewe, si ushahidi kwamba imemaliza kazi. Nilianza tena, na sasa kopo langu la dawa linakaa pamoja na mkasi wangu mkubwa. Siwezi kuanza kazi bila mkasi, kwa hiyo siwezi kuanza kazi bila dawa. Ramadhani inapokaribia namwona daktari mapema anipangie saa, futari au daku, sijipangii mwenyewe.

Dawa ya kwanza, amlodipini, ilinivimbisha vifundo vya miguu. Inatokea kwa baadhi ya watu. Usitupe dawa, rudi ukaseme. Walinibadilishia na uvimbe ukaisha.

Jambo ambalo mafundi wenzangu lazima walisikie ni la diklofenaki na ibuprofeni. Sisi migongo na mabega yanatuuma, na vidonge hivi tunavinunua dukani kama pipi, viwili asubuhi viwili jioni, hasa wiki ya Idi na wiki ya kufungua shule. Vinapandisha presha, vinazifanya baadhi ya dawa za presha zishindwe kazi, na vikitumiwa muda mrefu vinaumiza figo na tumbo. Mimi nilivila miaka mingi na hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema kwa kuwa sikuvihesabu kuwa dawa. Ukienda kliniki beba kila unachomeza, pamoja na mitishamba, umwage mezani daktari aone. Mgongo wangu ulipona zaidi kwa yale matofali chini ya meza ya kukatia.

Mengine kwa kifupi

Usingizi: mtu mzima anahitaji kama saa 7. Nilikuwa nakesha nashona wiki nzima za sikukuu. Sasa napokea oda chache, nafunga kupokea siku 10 kabla ya Idi, na wateja wamezoea. Kama unakoroma kwa nguvu na mwenzio anasema pumzi inakatika usiku, mwambie daktari, hilo linahusiana na presha.

Tumbaku, iwe sigara au ugoro, haina kiasi salama, na moshi wake unamwingia hata asiyevuta. Pombe situmii, ila kwa anayetumia, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi kisicho na hatari. Na pasi ya mkaa usiitumie umefunga mlango na madirisha, ule moshi usioonekana unaua. Mimi niliitoa ndani nikaweka ya umeme.

Ilivyokuwa kwa baba

Baba alikuwa na miaka 61, mwaka 2003. Alikuwa amekaa barazani baada ya Isha, kikombe cha kahawa kikamdondoka. Akataka kusema, maneno yakatoka yamekunjana. Mdomo ulikwenda upande mmoja. Wazee waliokuwepo walimpenda sana na walifanya walichojua: walisema ni upepo, akapakwa mafuta, akasomewa, akakandwa mkono usiku kucha. Tulimfikisha hospitali saa 3 asubuhi. Aliishi miezi 7, hakutembea tena. Baadaye ndugu mmoja alikumbuka kwamba aliwahi kupimwa presha miaka miwili nyuma akaambiwa iko juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, vilipoisha akaona amepona.

Sina lawama kwa mtu. Dua inasomwa hata ndani ya gari. Lakini watu wa nyumbani kwangu wote, hadi mjukuu wa miaka 9, nimewafundisha ishara tatu. Uso: mwambie acheke, tazama kama upande mmoja umelegea. Mkono: mwambie anyanyue yote miwili, tazama kama mmoja unashuka. Usemi: mwambie atamke jina lake na la mtaa, sikiliza kama maneno yameharibika. Ukiona mojawapo, hata kama imepita baada ya dakika chache, usimpe chakula wala maji kwa kuwa anaweza kupaliwa, usimkande, usimpe asprini, na usimmezeshe dawa ya presha ya jirani. Mlaze ubavu, tafuta gari, nenda hospitali kubwa iliyo karibu.

Kabla ya kuondoka tazama saa. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo ambazo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu ishara ilipoanza, na si kila hospitali inazo. Andika mkononi mwako, kwa kalamu yoyote, saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana akiwa mzima, kwa sababu hilo utaulizwa mara tu utakapofika mlangoni.